Fumbo, Ufunguo na Mwenye Siri

Wahenga walisema, fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Katika maneno hayo machache imo sehemu kubwa ya historia ya siri za maandishi. Tangu mwanadamu alipojifunza kuandika ameshughulishwa na mambo mawili: namna ya kumpelekea habari mwenzake aliye mbali, na namna ya kumzuia mtu wa tatu asiisome habari hiyo njiani. Jambo la kwanza limezaa tarishi, barua, simu na intaneti. Jambo la pili limezaa elimu ya mafumbo, ambayo kwa karne nyingi ilikuwa mali ya wafalme, majemadari na mabalozi, na ambayo katika muda wa miaka hamsini hivi imeingia mikononi mwa mchuuzi, mwanafunzi na mama wa nyumbani, aghalabu bila wao wenyewe kujua. Jinsi ilivyohama kutoka ikulu hata sokoni ni habari yenye mafunzo, maana ndani yake limo swali ambalo serikali na raia wanaendelea kulibishania: je, yawezekana kutengeneza kufuli linalomfungulia askari na kumkatalia mwizi?

Watu wa pwani ya Afrika Mashariki hawakuwa wageni wa sanaa hiyo. Mwaka wa 1870 Edward Steere alipochapisha kitabu chake cha kufundishia lugha ya Unguja, aliingiza ndani yake mifano ya kinyume, yaani mazungumzo ya siri ambayo silabi ya mwisho ya neno hutangulizwa mbele, hata nyumba ikawa mbanyu. Kwa asiyezoea, maneno hayo husikika kama lugha ya ughaibuni; kwa aliyezoea, ni Kiswahili kilekile kilichovaa kanzu nyingine. Lakini kinyume kina upungufu mmoja mkubwa. Siri yake yote imo katika kanuni. Mtu akiisha kuijua kanuni, amejua kila neno lililopata kusemwa na litakalosemwa kwa kinyume. Upungufu huo ulikuwamo katika mafumbo mengi ya kale, hata yale ya watawala wakubwa.

Julius Caesar, jemadari wa Rumi, aliandika barua zake za siri kwa kuhamisha kila herufi nafasi tatu. Fumbo la namna hiyo lilivunjwa nguvu katika karne ya 9 na al-Kindi, mwanafalsafa aliyeishi Baghdad, ambaye aliandika risala ya kueleza jinsi mafumbo yanavyoweza kufumbuliwa kwa kuhesabu. Kila lugha ina herufi zinazorudiwa sana na herufi zinazotokea kwa nadra. Katika Kiswahili, mathalani, herufi a huzipita nyingine zote kwa wingi. Basi alama inayoonekana mara nyingi zaidi katika fumbo, yamkini imesimama mahali pa herufi inayorudiwa zaidi katika lugha. Akiisha kuipata moja, mfumbuzi huitumia kuitafuta ya pili, na ya pili humwonyesha ya tatu. Tangu hapo mwerevu wa methali alikuwa na silaha yake, nayo ni hesabu.

Hatari ya kutegemea fumbo dhaifu ilionekana nchini Uingereza mwaka wa 1586. Mary, aliyekuwa malkia wa Scotland, alikuwa kifungoni kwa amri ya Malkia Elizabeth wa Kwanza, naye akiandikiana na wafuasi wake kwa alama za siri, barua zikipitishwa ndani ya mapipa ya pombe. Hakujua kwamba kila barua ilipita kwanza mikononi mwa Thomas Phelippes, mfumbuzi aliyemtumikia Francis Walsingham, waziri aliyekuwa mkuu wa wapelelezi. Kwa kuiamini kinga yake, Mary alijibu kwa alama mambo ambayo asingethubutu kuyajibu kwa maneno ya wazi, na majibu hayo ndiyo yaliyotumiwa kumhukumu. Alikatwa kichwa mwezi wa Februari, 1587. Asiye na kufuli hujihadhari. Mwenye kufuli bovu analolidhani zima hulala usingizi mnono na mlango uko wazi.

Dawa ya upungufu wa mafumbo ya kale iliandikwa kwa ufasaha na Auguste Kerckhoffs, mwalimu wa lugha mjini Paris, mwaka wa 1883. Yeye alisema kwamba fumbo la jeshi yafaa liwe la namna ambayo hata kanuni yake ikianguka mikononi mwa adui pasitokee madhara. Siri ikae katika ufunguo peke yake, na ufunguo uwe kitu kinachoweza kubadilishwa. Mantiki yake ni nyepesi kwa mtu yeyote aliyepata kununua kufuli dukani. Fundi aliyelitengeneza anajua umbo lake, muuzaji anajua, na majirani wenye makufuli ya namna ileile wanajua. Hata hivyo mlango unabaki umefungwa, kwa sababu ufunguo uko kwa mwenye nyumba. Kinyume cha kanuni hii ni kutumaini kwamba adui ni mjinga, na methali imekwisha kuonya juu ya matumaini hayo.

Wakati Kerckhoffs anaandika, haja ya siri ilikuwa imekwisha kutoka kambini na kuingia madukani. Mwaka wa 1879 waya wa simu uliolazwa chini ya bahari kutoka Aden ulifika Unguja, na kutoka hapo ukaendelea kusini. Habari ya bei ya karafuu au ya pembe za ndovu, ambayo zamani ilisafiri kwa majuma, sasa iliitangulia kila meli. Lakini simu haikuwa barua iliyotiwa lakiri. Karani aliyeipokea aliisoma, karani wa kituo cha kati aliisoma, na mwenye amri juu ya waya aliweza kuisoma alipotaka. Kwa sababu hiyo wafanyabiashara wa dunia walitumia vitabu vya maneno ya mkato, ambamo neno moja lilisimama mahali pa sentensi nzima. Vitabu hivyo vilipunguza gharama, maana simu ililipiwa kwa hesabu ya maneno. Na makampuni yaliyojitungia vitabu vyao yenyewe yalipata faida ya pili, yaani kuwaficha washindani bei na mikataba yao.

Kwamba mwenye waya ni mwenye masikio, Ujerumani ilijifunza kwa hasara. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwezi wa Agosti, 1914, Waingereza walikata nyaya za Wajerumani zilizopita baharini, na tangu hapo habari nyingi za Ujerumani zilikuwa hazina budi kusafiri kwa simu ya upepo au kwa nyaya za watu wengine. Mwezi wa Januari, 1917, Arthur Zimmermann, waziri wa mambo ya nje wa Ujerumani, alituma maneno ya siri ya kuishawishi Mexico iingie vitani dhidi ya Marekani, kwa ahadi ya kurudishiwa nchi ilizopoteza. Maneno hayo yalipita katika njia ambayo Waingereza waliisikiliza, wakayafumbua, na yalipotangazwa yaliongeza hasira ya Wamarekani. Mwezi wa Aprili mwaka huohuo Marekani iliingia vitani.

Katika Vita Kuu ya Pili mafumbo yalitengenezwa kwa mashine. Enigma, ambayo sifa yake imetokana na majeshi ya Ujerumani, ilinadiwa kwanza katika miaka ya 1920 kwa wafanyabiashara waliotaka kulinda siri zao. Wanahesabu wa Poland waliivunja tangu mwisho wa mwaka 1932, wakawarithisha elimu yao Waingereza na Wafaransa mwaka wa 1939. Mombasa nayo ilipata fungu lake katika kazi hiyo. Baada ya Wajapani kuushambulia mji wa Colombo mwezi wa Aprili, 1942, wafumbuzi wa jeshi la maji la Uingereza walihamishiwa Kilindini, wakawekwa katika shule yenye jina la Allidina Visram, tajiri aliyefungua maduka toka pwani hata Uganda. Mwezi wa Septemba Wajapani walifanya kosa katika matumizi ya fumbo la meli zao za biashara lililoitwa JN-40, na kosa hilo liliwapa wafumbuzi mahali pa kushika. Kufika Novemba walikuwa wakisoma habari za meli hizo kadiri zilivyopokelewa. Meli zilizama katika bahari za mbali kwa sababu ya hesabu zilizofanywa ndani ya madarasa ya Mombasa.

Amani ilipokuja, kompyuta zilianza kushika kazi za mabenki na maofisi, na tatizo moja la kale likazidi kuwa kubwa. Ili watu wawili wafumbiane maneno ilikuwa lazima kwanza wawe na ufunguo mmoja, na ufunguo huo ilikuwa lazima upelekwe kwa mkono wa mjumbe mwaminifu. Serikali iliweza kumlipa mjumbe wa namna hiyo. Benki kubwa iliweza pia, kwa taabu. Lakini muuza nguo wa Dar es Salaam na mwenye kiwanda wa Bombay, ambao hawajapata kuonana, wangepelekeana vipi ufunguo bila kupitia njia ileile wanayoiogopa? Maadam swali hilo lilikuwa halina jibu, siri madhubuti ilibaki kuwa anasa ya wenye nguvu.

Jibu lilichapishwa mwaka wa 1976 na Whitfield Diffie na Martin Hellman wa Chuo Kikuu cha Stanford. Mwaka uliofuata Ronald Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman walionyesha namna ya kulitumia kwa njia ambayo ilikuja kuitwa RSA, kwa herufi za kwanza za majina yao. Mfano wake ni huu. Mtu anatengeneza makufuli mengi ya namna moja, anayaacha wazi, na kuyagawa sokoni kwa kila anayetaka. Ufunguo anaubakiza nyumbani. Mwenye neno la siri huliweka sandukuni, hulibana kwa kufuli, na sanduku laweza kupita mikononi mwa wezi mia moja. Hata aliyelifunga hawezi kulifungua tena. Kufuli lenyewe limefuliwa kwa hesabu. Kuzidisha 53 kwa 61 na kupata 3,233 ni kazi ya mtoto wa shule. Kupewa 3,233 na kuambiwa utafute namba tasa mbili zilizoizaa ni kazi ya kutoa jasho kidogo. Namba hizo zikiwa na tarakimu mia kadhaa, jasho la kompyuta zote zilizopo halitoshi.

Wanahesabu watatu wa serikali ya Uingereza, James Ellis, Clifford Cocks na Malcolm Williamson, walikuwa wameyagundua mambo hayohayo kabla, kati ya mwaka 1970 na 1974. Ugunduzi wao ulifichwa hata mwaka wa 1997. Tofauti ya matokeo yafaa kuangaliwa. Elimu iliyofungiwa kabatini haikumlinda mfanyabiashara hata mmoja, ilhali elimu iliyochapishwa ilifunguliwa kwa kila mkosoaji, ikapigwa na kujaribiwa, na udhaifu wake ukajulikana mapema. Mwezi wa Agosti, 1977, gazeti la Scientific American lilitoa fumbo la RSA lenye namba ya tarakimu 129, na kuahidi zawadi ya dola 100 kwa atakayelifumbua. Ilidhaniwa kwamba kazi hiyo ingechukua mamilioni ya mamilioni ya miaka. Lilifumbuliwa mwaka wa 1994, kwa ushirikiano wa watu wa kujitolea wapatao 600 waliounganisha kompyuta zao. Kwa kuwa jambo hilo lilifanyika hadharani, wenye makufuli walijua kwamba namba zao zinahitaji kurefushwa, wakazirefusha.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Katika sheria za Marekani mafumbo yenye nguvu yalihesabiwa pamoja na silaha, na kuyapeleka nchi za nje bila kibali lilikuwa kosa. Mwaka wa 1991 Philip Zimmermann alitoa bure programu iliyoitwa PGP, iliyomwezesha mtu yeyote mwenye kompyuta kuandika barua ambayo serikali haiwezi kuisoma. Programu hiyo ilivuka mipaka kwa njia ya intaneti, na mwenyewe akachunguzwa kwa muda wa miaka mitatu hivi, mpaka shauri likaachwa mwezi wa Januari, 1996. Katika kipindi hicho, mwaka wa 1995, maandishi yote ya programu hiyo yalichapishwa kitabu, maana sheria iliyozuia kupeleka programu nchi za nje haikuweza kwa wepesi kuzuia kitabu. Silaha ilikuwa imegeuka kuwa karatasi na wino, na hakimu angepata taabu kusema mpaka wa hicho na hiki uko wapi.

Haifai kuidharau hoja ya wakuu wa serikali. Polisi wana kazi ya kuwatafuta wauaji, watekaji nyara na watu wanaowadhulumu watoto, na watu hao nao hutumia makufuli. Zamani, hakimu akitoa hati, barua ilifunguliwa na simu ikasikilizwa. Sasa hati ya hakimu yaweza kufika mbele ya kufuli ambalo hata fundi wake hawezi kulifungua. Kwa nia ya kuondoa shida hiyo, serikali ya Rais Bill Clinton ilitangaza mwezi wa Aprili, 1993, chipu iliyoitwa Clipper ya kutiwa ndani ya simu. Ingefumba maneno ya kila mtu, lakini nakala ya ufunguo wake ingegawanywa vipande viwili na kuwekwa katika idara mbili za serikali, ili vipande hivyo viunganishwe kwa idhini ya sheria tu. Juu ya karatasi, mpango huo ulionekana kuwa wa haki.

Mwaka wa 1994 mtaalamu Matt Blaze alionyesha kwamba mtu mjanja aliweza kuitumia chipu hiyo na kuukwepa mlango wa serikali, na baada ya muda mfupi mpango mzima ukaachwa. Walakini hoja nzito zaidi dhidi yake ilikuja kutolewa na matukio ya baadaye. Nchini Ugiriki, tangu mwaka wa 2004 hata mapema mwaka wa 2005, watu wasiojulikana walisikiliza simu za mkononi zaidi ya 100, mojawapo ikiwa ya waziri mkuu Kostas Karamanlis. Hawakuhitaji kubomoa ukuta. Waliingia katika mitambo ya kampuni ya simu na kuamsha sehemu ya programu iliyotengenezwa kwa ajili ya usikilizaji wa halali. Mlango uliojengwa kwa ajili ya askari ulikuwa umemngojea mwizi, na aliyeibiwa alikuwa kiongozi wa serikali yenyewe.

Wenye kununua makufuli kwa wageni nao walipata somo. Mwezi wa Februari, 2020, ilifichuliwa kwamba Crypto AG, kampuni ya Uswisi iliyouza mashine za mafumbo kwa serikali zaidi ya 100, ilikuwa tangu mwaka wa 1970 mali ya siri ya mashirika ya ujasusi ya Marekani na Ujerumani ya Magharibi. Mashine nyingi zilitiwa udhaifu kwa makusudi. Serikali zilizozinunua zililipa fedha zao nzuri ili zisomwe. Wangemwuliza Kerckhoffs, angewajibu kwamba kufuli ambalo mnunuzi haruhusiwi kuona ndani yake ni la kulitilia shaka. Kwa bahati njema, njia iliyo bora ilikuwa imekwisha kuonyeshwa. Mwaka wa 2001 Marekani ilitangaza kanuni mpya ya mafumbo kwa matumizi ya watu wote, iitwayo AES, iliyotungwa na Wabelgiji wawili, Joan Daemen na Vincent Rijmen, na kuchaguliwa kwa mashindano ya wazi ambamo wataalamu wa dunia nzima walialikwa kuivunja wakiweza.

Mwezi wa Juni, 2013, Edward Snowden alifichua jinsi mashirika ya ujasusi ya Marekani na washirika wake yalivyokusanya habari za mamilioni ya watu wasiotuhumiwa kwa kosa lolote. Habari hizo ziliwashtua watumiaji, na makampuni yakaona kwamba kufuli ni bidhaa inayotakiwa. Mwezi wa Aprili, 2016, WhatsApp ilikamilisha kazi ya kufumba maneno ya watumiaji wake zaidi ya bilioni moja, kwa namna ambayo funguo hukaa ndani ya simu za wanaozungumza. Hivyo kinga ambayo Mary wa Scotland aliikosa ikawa mkononi mwa mtu yeyote mwenye simu ya bei nafuu.

Mwaka wa 2017 ulithibitisha upande wa pili wa hoja. Shirika la ujasusi la Marekani, NSA, lilikuwa limegundua udhaifu katika programu ya Windows na kuuficha ili liutumie lenyewe. Chombo lililokitengeneza kwa ajili hiyo kilivuja, kikatangazwa hadharani mwezi wa Aprili. Mwezi wa Mei kilitumiwa katika shambulio la WannaCry, lililofika nchi zaidi ya 150 na kuzilazimisha hospitali za Uingereza kuwarudisha wagonjwa. Mwezi wa Juni kikatumiwa katika lile la NotPetya, lililoangusha kompyuta za kampuni ya meli ya Maersk duniani kote. Kampuni hiyo ililazimika kujenga upya kompyuta 45,000 na mashine kubwa 4,000 za kuhifadhia kazi, na hasara yake ilikuwa kati ya dola milioni 200 na 300. Imesimuliwa kwamba daftari kuu la mtandao wake liliharibika kila mahali isipokuwa Ghana, ambako umeme ulikuwa umekatika na mashine iliyolishika ilikuwa imezimika wakati shambulio likipita. Kampuni tajiri iliokolewa na upungufu wa umeme wa Afrika, kwa kuwa haikuweka nakala ya akiba mahali palipotengwa.

Kisha, mwaka wa 2024, ilijulikana kwamba wadukuzi waliohusishwa na China walikuwa wameingia katika makampuni makubwa ya simu ya Marekani, na kufikia pia mitambo inayotumiwa kusikiliza simu kwa amri ya mahakama. Mwezi wa Desemba maofisa wa usalama wa Marekani waliwashauri watu watumie njia za mawasiliano zilizofumbwa. Miaka thelathini na mmoja baada ya Clipper, serikali iliyokuwa imeomba nakala ya kila ufunguo iliwaelekeza raia wake kwenye makufuli yasiyo na nakala.

Katika Afrika Mashariki mambo haya yana uzito wa pekee, kwa sababu simu ya mkononi huko ni mkoba wa fedha pia. Tangu M-Pesa ilipoanza nchini Kenya mwaka wa 2007, mshahara, karo, mchango wa harusi na mtaji wa duka vimekuwa vikipita katika waya uleule wa mazungumzo, vikilindwa na tarakimu chache ambazo watu huziita namba ya siri. Sheria nazo zimefuata. Kenya ilipitisha sheria ya kulinda data mwaka wa 2019, Uganda mwaka huohuo, Rwanda mwaka wa 2021, na Tanzania mwaka wa 2022, sheria ambayo ilianza kutumika tarehe 1 Mei, 2023. Zote zinamtaka anayekusanya habari za watu azilinde na kuzitumia kwa kazi iliyotajwa. Lakini swali la Clipper nalo limefika pwani. Mwezi wa Oktoba, 2023, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania iliwataka watumiaji wa VPN, yaani njia za intaneti zilizofumbwa, wajiandikishe. Benki na makampuni hutumia njia hizo kila siku ili kuwaunganisha wafanyakazi wao walio mbali. Raia huzitumia pia kupita mahali palipozibwa. Kuorodhesha wenye makufuli si sawa na kuchukua funguo zao, lakini mambo hayo mawili ni jirani, na msomi wa historia hana budi kuutazama mpaka ulio kati yao.

Yafaa pia kuijua mipaka ya kufuli lenyewe. Kufuli huficha yaliyosemwa, lakini mara nyingi halifichi nani alizungumza na nani, saa ngapi, na mara ngapi. Na mpelelezi mwenye akili hujifunza mengi kwa kuhesabu bahasha bila kuzifungua. Kufuli halimlindi mtu anayempa mwizi ufunguo kwa mkono wake, kama afanyavyo yule anayetaja namba ya siri kwa sauti tamu inayojidai kuwa ni ya mhudumu wa kampuni ya simu. Wala hakuna kufuli la milele. Mwaka wa 1994 Peter Shor alionyesha kwamba kompyuta za namna mpya, zitakapokuwa na nguvu ya kutosha, zitaweza kuvunja RSA; na mwezi wa Agosti, 2024, Marekani ilitoa kanuni tatu za kwanza za mafumbo yanayotarajiwa kustahimili kompyuta hizo. Mwerevu wa methali hajastaafu.

Kwa hiyo historia hii haimwahidi mtu usalama mkamilifu. Inaonyesha jambo moja kwa ushahidi uliorudiwa toka Athens hata Washington: hesabu haimjui mwema wala mwovu. Tundu lililoachwa ukutani kwa ajili ya mwenye amri hubaki tundu baada ya amri kupita mikononi mwa mwingine, na mwizi hulipata bila kuuliza lilitobolewa kwa nia gani. Taifa linalotaka polisi wenye uwezo lina njia nyingine za kuwapa, nazo ni ushahidi wa mashahidi, upelelezi wa nyayo, na hati ya hakimu dhidi ya mtu mmoja aliyetajwa kwa jina. Na mwenye duka, mwenye zahanati au mwalimu mwenye daftari la wanafunzi naye ana wajibu wake mdogo: nywila ndefu isiyotumika mahali pawili, programu iliyosahihishwa kwa wakati, nakala ya akiba iliyowekwa mbali, na kinywa kinachojua kunyamaza. Habari alizo nazo si zake peke yake. Wateja, wagonjwa na wanafunzi wamemwekea amana, na amana hurudishwa kwa mwenyewe ikiwa salama.